Sura ya Mwisho ya Bibi Sabina

Mwaka huu nimesoma vitabu vingi kuliko miaka yote niliyokaa chuoni, na sijanunua hata kimoja. Mzee Iqbal ana duka la vifaa vya shule na ofisi karibu na Makoroboi, mjini Mwanza, na nyuma ya kaunta kuna rafu ya vitabu vilivyokuwa vikikaa tu na vumbi lao. Tulikubaliana hivi: nachukua kitabu, nakwenda nacho nyumbani Igogo, nakisoma bila kukunja kurasa, nakirudisha kikiwa bado kinauzika. Kisha narekodi sauti ya dakika chache kueleza kilivyonigusa, naituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja wake. Anayekitaka anakuja dukani.

Sharti lake lilikuwa moja. "Usinisifie bidhaa," aliniambia. "Watu wa Mwanza ukiwasifia sana kitu wanajua kimeoza."

Kwa hiyo nikawa nasema nilichokiona. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha upelelezi. Mwanamke anauawa ukurasa wa kwanza, na mpaka mwisho mpelelezi ameshabadilisha magari, amelewa na amepigana, lakini hakuna aliyekwenda kwa mama wa marehemu kumpa pole. Niliwaambia wanakundi kwamba nilipofika katikati niliacha kumtafuta muuaji, nikawa namngoja yule mama. Hakutokea.

Kilichofuata kilikuwa cha mafanikio. Nilikichagua mwenyewe, kwa sababu maombi yangu ya kazi hayajajibiwa. Mwandishi anasema tuamke kabla ya watu wote. Nilijaribu, lakini Igogo huwezi kuamka kabla ya watu wote. Wachuuzi wa samaki wanakuwa wameshatoka. Hata hivyo kuna ukurasa mmoja ambao mwandishi anaeleza alivyofukuzwa kazi, akawa anavaa tai kila asubuhi na kwenda kukaa stendi kwa sababu ameshindwa kumwambia mke wake. Nilisema kama kitabu kizima kingekuwa kisa hicho, ningetafuta namna ya kukinunua.

Diwani ya mashairi sikuielewa nusu yake, nikasema hivyo. Katika kitabu cha kutisha nilimhurumia mzimu, maana alikuwa anarudi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe na kila anayemwona anapiga kelele. Kilichoniweza zaidi, ajabu yake, ni kitabu cha samaki wa ziwa letu. Kimeandikwa kama ripoti, kimejaa majedwali. Lakini kuna mahali wanatajwa furu, samaki wadogo wa aina nyingi ambao zamani walivuliwa na siku hizi hawaonekani, jina baada ya jina, bila neno hata moja la masikitiko. Nilikifunga nikaenda kukaa kwenye mawe ya ziwani mpaka mama akanipigia simu.

Sauti hizo zilikuwa zinamfikia bibi yangu Igoma kupitia simu ya Hellen, binamu yangu anayeishi naye. Bibi Sabina, mama wa mama yangu, aliuza chakula Kigongo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, pale magari yalipokuwa yanapanga foleni kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Daraja lilipofunguliwa foleni ikaisha. Magari sasa yanavuka kwa dakika chache, na mtu anayevuka kwa dakika chache hali samaki. Bibi akafunga banda, akahamia Igoma, akaanza kuandika. Hellen ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapo hapo nyumbani. Wateja wakipungua, anachapa ya Bibi.

Kati yangu na Bibi ulikuwepo utani wa bibi na mjukuu, ule ule wa nyumba nyingi. Ananiita mume wangu, ananidai kitenge, anataka kujua jana nimelala wapi. Mimi namwambia nitamletea mke mwenza mwenye meno yote. Hakuna anayekasirika. Kusema kweli tulikuwa hatujawahi kuongea kwa namna nyingine.

Siku aliyonipa kitabu chake nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya mlango, anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo ya nini? Mume anamwamkia mkewe shikamoo? Nyama iko wapi?"

"Nimekuletea mapenzi."

"Yaweke kwenye sufuria tuone kama yanatoa mchuzi."

Hellen alicheka mpaka akaacha mashine ya kopi inatoa karatasi peke yake. Bibi akapangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichochapwa na kufungwa kwa spiro, chenye jalada la plastiki. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Nataka ukisome kama unavyosoma vile vya Iqbal. Halafu ukiseme kwenye simu."

"Nikiseme kama vile vya Iqbal, au nikiseme kama cha mke wangu?"

Alicheka, na mimi nikacheka. Nikaondoka nacho bila kugundua kwamba sikujibiwa.

Ni hadithi ya mapenzi. Teodora anauza samaki na ugali kwenye foleni ya kivuko. Shimba anaendesha lori la pamba kutoka ng'ambo ya ziwa kuja Mwanza, na mapenzi yao yote yanatokea kwenye foleni. Kivuko kikiwahi, wanasalimiana tu. Kivuko kikiharibika, wana mchana mzima. Kuna sura ambayo mvua inanyesha, Teodora anajibanza chini ya lori na jiko lake, Shimba yuko juu kwenye usukani, na wanaongea bila kuonana kuhusu watoto ambao hawajawazaa. Nilipokuwa naisoma nilisahau kwamba aliyeandika ni Bibi. Nilimwogopea Teodora kama mtu ninayemfahamu.

Sura ya mwisho ina ukurasa mmoja. Daraja limefunguliwa, foleni haipo, Teodora amekaa na samaki wasio na mlaji. Shimba anavuka daraja, anaegesha lori, anavua kofia, anamposa. Mwisho.

Sikuamini. Katika sura zote zile Shimba alisimama kwa sababu kivuko kilikuwa hakijafika. Sasa kuna daraja, amesimamishwa na nini? Niliwaza namna ya kulisema hilo kwa mwanamke aliyeuza samaki pale pale Kigongo na kuona magari yakipita, nikakosa. Ndipo nikashika njia niliyoizoea, ya utani.

"Ndugu wasomaji," nilirekodi, "wiki hii mke wangu ameandika kitabu, na humo nimegundua kwamba ana mwanaume mwingine, dereva wa lori. Nimekisoma kwa wivu mkubwa. Huyo Shimba anakula samaki sura kumi nzima, hajaosha hata sahani. Mwishoni anarudi kuoa. Mimi nadhani alikuwa na njaa tu."

Kundi lililipuka. Vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi vilijaa kwenye simu yangu. Mzee Iqbal akanipigia kabla sijamaliza kuvisoma.

"Kijana, tangu nianzishe hili grupu sijaona kitu kama hiki. Wanakitaka. Wote wanakitaka hicho cha bibi mwenye dereva."

"Kweli, mzee?"

"Nakuambia! Nitakichapa mwenyewe. Nimeshampigia mchoraji. Jalada liwe bibi mnene ameshika samaki mkubwa, na dereva ametoa ulimi. Watu wacheke kabla hawajafungua."

Nilikwenda Igoma kesho yake na habari hiyo, nikiwa na furaha. Nilijua ile sura ya mvua ingewafikia watu, hata kama wangeanza kwa kucheka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Nathaniel. Hujambo?"

Nilisimama pale mlangoni. Tangu nianze kusema sikuwahi kumsikia akiitikia shikamoo yangu.

"Sijambo."

"Mama hajambo? Karibu kiti. Hellen, mletee mgeni maji ya kunywa."

Hellen alileta maji kwenye glasi ya wageni, akaniwekea mbele yangu bila kunitazama. Nikajaribu.

"Mke wangu leo amenichunia. Au dereva amepita?"

"Mimi ni mama wa mama yako," alisema Bibi, kwa upole kabisa. "Mke utaoa, Mungu akijalia. Kunywa maji."

Nikayanywa. Kisha, kwa kuwa sikuwa na lingine, nikamweleza habari ya Mzee Iqbal: kwamba watu wanakitaka, kwamba atakichapa mwenyewe, kwamba mchoraji ameshaambiwa. Aliniuliza jalada litachorwa nini. Nikamwambia. Hellen akasema, "Ee Mungu wangu," akarudi kwenye mashine yake.

"Kwa hiyo watakinunua ili wacheke," alisema Bibi.

"Wataanza kwa kucheka. Wakifika kwenye mvua..."

"Hawatafika kwenye mvua. Mtu aliyekuja kucheka anatafuta pa kuchekea." Alinyoosha upindo wa kitenge chake juu ya goti. "Kile cha samaki hukukicheka. Cha yule aliyekuwa anavaa tai hukukicheka. Hata mzimu, Nathaniel. Wewe ulimhurumia. Nilisikiliza hiyo mara nyingi, muulize Hellen. Nikasema, mtoto huyu akisoma anaona. Ngoja na mimi anisome. Sasa mimi hata mzimu sikuwa?"

Niliiweka glasi chini.

"Mwambie Iqbal asichape. Na hizo karatasi mrudishie Hellen, zina upande wa pili haujatumika. Atajaribishia mashine."

Hellen hakuinua kichwa. "Mimi sitajaribishia mashine karatasi hizo," alisema.

"Utajaribishia."

Kitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilihisi uzito wake begani. Nilijua nikitoka pale bila kusema kitu cha maana, ingekuwa imekwisha, na siyo kwa kitabu hicho tu. Bibi hakuwa mtu wa kuanza jambo mara mbili.

"Nilikisoma, Bibi," nikasema. "Nilikisoma vizuri. Ila sikusema nilichosoma."

"Haya, sema. Hapa. Simu weka chini."

Nikaiweka simu sakafuni. Nikamwambia kuhusu mvua, kwamba nilipofika pale wanapowataja watoto ambao hawajawazaa nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi. Nikamwambia kuhusu Teodora anavyomfichia Shimba mkia wa samaki chini ya sufuria, akiwaambia madereva wengine mkia umekwisha, na kwamba yeye Bibi hajaandika popote neno kupenda katika ukurasa ule na bado mtu anaelewa. Nikamwambia sura ya tano ni ndefu mno. Ule ugomvi wa makondakta ungeweza kuisha mapema. Aliguna. Nikamwambia mama yake Teodora anazungumza kama mhubiri na hakuna mtu anayezungumza hivyo Kigongo.

"Yupo," alisema Bibi. "Ila alishakufa. Endelea."

"Na simwamini Shimba."

"Humwamini vipi?"

"Mwishoni. Alikuwa anasimama kwa sababu kivuko hakipo. Sasa daraja lipo. Kasimamishwa na nani?"

"Na mapenzi."

"Mapenzi sikuyaona, Bibi. Umesema yapo, halafu kitabu kimeisha."

"Mimi hapo nililia," alisema Hellen kutoka kwenye mashine.

"Wewe unalia hata kwa tangazo la sabuni," Bibi akamjibu, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Nje, fundi wa jirani alikuwa anagonga bati, akaacha, akaanza tena.

"Nilimwandika haraka," alisema hatimaye. "Asije akapita."

Nilimwambia na mimi nilitaka asimame. Nilimwambia ndiyo sababu niliudhika: nilikuwa nimemngoja sura zote hizo kama Teodora alivyomngoja, na alipofika hakuonekana amefikaje. Nilijua napaza sauti, nikaishusha.

"Hayo ungeyasema kwenye simu," alisema Bibi.

"Nilishindwa."

"Okota simu. Yaseme. Yote, na hilo la mwisho usiliache."

Nilirekodi pale pale, Bibi akiwa amekaa mbele yangu na mikono mapajani kama mtu aliyeko ofisini anangoja kuitwa. Sikusema mke wangu. Nilisema mwandishi ni Sabina Lugata, aliyeuza chakula Kigongo, na kwamba kitabu chake si cha kuchekesha na mimi ndiye niliyewapotosha. Nikaeleza mvua, nikaeleza mkia. Nikasema sura ya mwisho sikuiamini, na nikasema kwa nini. Nilipomaliza, Bibi aliomba nimchezeshee. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Tuma," alisema.

Safari hii kundi halikulipuka. Mtu mmoja aliandika, "Mbona leo umenuna, kaka?" Mwingine akauliza kama dukani kuna kalamu za rangi. Baada ya muda mama mmoja akaandika kwamba aliwahi kukaa foleni ya Kigongo na mtoto mgonjwa, akapewa uji na mwanamke ambaye hakuwahi kujua jina lake, na angependa kukisoma. Kisha wengine wachache, mmoja mmoja.

Mzee Iqbal alipiga jioni, tukiwa bado tumekaa pale. Nikaweka spika.

"Kijana, umeniharibia. Mchoraji alishaanza kuchora tumbo."

"Samahani, mzee."

"Waliotaka kucheka wameondoka. Waliobaki wanatosha meza moja ya chai." Akavuta pumzi. "Lakini mke wangu naye amesikiliza. Anauliza, huyo dereva alisimama au hakusimama? Nikamwambia sijui. Ananisumbua tangu saa ile. Sasa sikiliza. Mwambie huyo mama anitengenezee mwisho, nitachapa chache. Jalada la heshima. Nitachora ziwa."

Bibi akainama kuelekea kwenye simu. "Ziwa usichore," alisema. "Kila kitu Mwanza kinachorwa ziwa. Chora sahani."

"Nani huyo?"

"Ndiye mwenyewe."

"Shikamoo, mama," alisema Mzee Iqbal haraka. "Sahani. Sawa. Sahani."

Simu ilipokatika Bibi alinyoosha mkono, nikampa kitabu. Alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma huku midomo ikicheza, akaukunja katikati.

"Hawezi kusimama kwa hiari yake," alisema. "Umesema kweli. Nimewaona wanavyopita. Hata honi hawapigi." Akafikiri. "Basi nitamharibia lori."

"Darajani?" Hellen akauliza.

"Darajani atazuia watu. Avuke kwanza. Limfie pale pale ilipokuwa foleni, mbele ya banda. Siyo ajali, sitaki damu kwenye kitabu changu. Lisimame tu." Akanigeukia. "Lori linaharibika nini likasimama bila kumwumiza mtu?"

Sikujua. Nimesoma miaka mitatu chuoni na hilo sikulijua.

"Basi nenda kaulize. Si kuna mafundi wamejaa hapo barabarani?"

Nikaenda. Fundi Chenge alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nilimsalimia, nikaieleza miguu hiyo shida yangu. Akajisukuma akatoka, akanitazama kutoka chini.

"Lori la nani?"

"La kwenye kitabu."

"Kitabu cha gari?"

"Hapana, cha hadithi. Cha bibi yangu."

Alikaa kitako, akajifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono. Niliona anaamua kama anifukuze.

"Fuso au Scania?"

"Fuso."

"Limebeba au tupu?"

"Limebeba pamba. Linatoka ng'ambo, limeshavuka daraja."

"Amepakia kupita kiasi?"

"Sijui. Nadhani. Ni mtu wa tamaa kidogo."

"Basi klachi," alisema Fundi Chenge bila kusita. "Klachi ikiisha, injini inanguruma vizuri tu, gari haliendi. Dereva anakanyaga mafuta, anakanyaga, yuko pale pale. Anatukana. Ila haumii." Alikuwa ameanza kupendezwa nayo. "Sasa unataka lisimame kiasi gani? Maana kuna la kusimama mpaka fundi afike na pikipiki, na kuna la kusimama mpaka spea itoke Dar."

Nikampigia Bibi. Hellen akapokea, akampa. Nikamweleza habari ya klachi, na kwamba fundi anauliza lisimame kiasi gani.

"Muulize ipi itamfanya ateremke kwenye gari atembee kwa miguu," alisema Bibi.

Nikauliza. Fundi Chenge akacheka, akaokota spana yake.

"Zote. Jua la pale, nani atakaa ndani? Ila yule anayengoja fundi wa pikipiki anateremka anakaa kivulini mwa gari lake mwenyewe. Anayengoja spea ya Dar, huyo lazima atafute chakula."

Nilimrudishia Bibi maneno hayo kama yalivyo. Nilisikia anamwambia Hellen asogeze taa, kisha mlio wa karatasi.

"Itoke Dar," alisema, akakata simu.